Simu ya intaneti: Jinsi ya kuelekeza poti za ruta bila kumwachia mwizi mlango wazi

SIMU inalia sebuleni. Mama anainua mkonga na kuitika. Mwanawe aliye ng'ambo anamsikia sawasawa na kumwamkua, lakini mama hasikii chochote. Anaita "Haloo!" mara tatu, kisha anaurejesha mkonga mahali pake akidhani laini imekufa.

Tatizo hilo la sauti kupita upande mmoja ni miongoni mwa malalamiko yanayosikika sana kutoka kwa watu waliounganisha simu ya kawaida na intaneti kwa kutumia kifaa kidogo kiitwacho adapta ya simu. Aghalabu lawama huiangukia adapta yenyewe au kampuni inayotoa huduma. Hata hivyo, mara nyingi kosa liko kwenye ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani au ofisini, ambayo haijui sauti inayotoka nje ipelekwe wapi.

Tiba inayotajwa haraka ni kuelekeza poti. Ni tiba ya kweli, lakini ina masharti yake. Wengi hawaihitaji kabisa, na anayeitumia ovyo huenda akawafungulia njia watu asiowajua.

Adapta hufanya kazi gani

Adapta ya simu ina soketi mbili muhimu. Moja hupokea waya wa simu ya mezani, na nyingine hupokea kebo ya mtandao inayotoka kwenye ruta. Kazi yake ni kugeuza sauti ya simu kuwa vipande vidogo vya data vinavyosafiri katika intaneti, na kuvigeuza tena kuwa sauti vinapowasili. Haihitaji tarakilishi iwe imewashwa.

Miongoni mwa adapta zilizoenea katika miaka ya 2000 ni Linksys PAP2, na hadi leo zingalipo nyumba zinazoitumia. Adapta za siku za karibuni, kama vile Grandstream HT801 na HT802, hufanya kazi iyo hiyo kwa utaratibu usiotofautiana sana.

Nchini Kenya, ukiritimba wa Telkom Kenya katika mawasiliano ya kimataifa ulimalizika mwaka wa 2004. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Kabla ya hapo, mazungumzo mengi ya ng'ambo yalipitia setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila neno lilichelewa kwa takriban robo sekunde. Nyaya hizo ziliondoa ucheleweshaji huo, lakini hazikuondoa tatizo la ruta.

Ili kulielewa tatizo, ni lazima ifahamike kwamba simu moja ya intaneti hutumia njia mbili. Ya kwanza ni ya maagizo: nani anapiga, nani anapigiwa, simu ilie lini na ikatwe lini. Njia hii hutumia itifaki iitwayo SIP, ambayo viwango vyake vya sasa vilitolewa mwaka wa 2002, na kwa kawaida hupitia poti nambari 5060.

Njia ya pili ni ya sauti yenyewe. Hutumia itifaki iitwayo RTP, na poti zake hutofautiana kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Linksys PAP2 huja ikiwa imewekewa poti 16384 hadi 16482, ilhali adapta za Grandstream huanzia 5004.

Ndiyo maana simu huweza kulia vizuri lakini sauti isipite. Maagizo yamefika kwa njia yake, na sauti imekwama katika njia nyingine.

Kwa nini ruta huzuia sauti

Mfumo wa anwani za intaneti uitwao IPv4 una nafasi ya anwani takriban bilioni 4.3 pekee. Ilipobainika kwamba hazingetosha, ulibuniwa utaratibu uitwao NAT, ulioelezwa rasmi mwaka wa 1994, unaoiwezesha nyumba nzima kutumia anwani moja ya nje. Ndani ya nyumba, kila kifaa hupewa anwani ya faragha, ambayo aghalabu huanza na 192.168 au 10.

Mfano mwafaka ni jumba la kupanga lenye lango moja na bawabu mmoja. Mpangaji akituma mtu nje, bawabu huandika katika daftari lake, na majibu yakirudi hujua ayapeleke chumba gani. Mgeni akija bila kutarajiwa, tena bila jina lake kuwamo daftarini, hurudishwa langoni.

Simu ya intaneti humtatiza bawabu huyu kwa namna mbili. Kwanza, anayepiga ni mgeni asiyetarajiwa, na daftari hufutwa baada ya muda mfupi wa kimya. Ruta nyingi hufuta kumbukumbu hizo kati ya nusu dakika na dakika chache.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, adapta huandika anwani yake ya ndani katika maagizo inayoyatuma. Ni kama mtu aliye Eldoret kuandikiwa, "Nitumie barua chumba nambari 50," bila kutajiwa mji, mtaa wala jumba. Sauti ya mwana hutumwa kwa anwani isiyojulikana nje ya nyumba, ndipo mama akasikia kimya.

Kuelekeza poti ni kumpa bawabu amri ya kudumu: chochote kitakachofika kupitia nambari fulani kipelekwe moja kwa moja kwa adapta, hata kama hakimo daftarini.

Mambo ya kujaribu kwanza

Kampuni nyingi zinazotoa huduma ya simu ya intaneti siku hizi huwa na seva zinazoitambua NAT. Seva ya aina hii hupuuza anwani iliyoandikwa na adapta, na hurudisha sauti mahali ilikotoka ile ya mteja. Mteja wa huduma kama hiyo hana haja ya kufungua poti yoyote. Kwa hivyo, ni busara kujaribu mambo manne kabla ya kuigusa orodha ya poti.

La kwanza ni kuzima kipengele cha ruta kinachoitwa "SIP ALG". Kilibuniwa ili kuyasahihisha maagizo ya simu yanapopita, lakini katika ruta nyingi huyavuruga. Kukizima pekee kumetibu matatizo mengi ya sauti.

La pili ni kuiamuru adapta itume ujumbe mdogo kwa seva kila baada ya sekunde 20 au 30 ili daftari la bawabu lisifutwe. Katika ukurasa wa adapta, sehemu hiyo huandikwa "NAT Keep Alive".

La tatu ni kutumia STUN, utaratibu uliotolewa mwaka wa 2003, ambao humwezesha mteja kuiuliza seva iliyo nje, "Je, wewe unaniona kwa anwani gani?" Adapta ikishapata jibu, huandika anwani hiyo ya nje badala ya ile ya ndani.

La nne ni kuhesabu ruta zilizoko. Nyumba nyingi zina modemu ya kampuni ya intaneti, na nyuma yake ruta nyingine iliyonunuliwa na mwenye nyumba. Hapo kuna mabawabu wawili, na kumwamuru mmoja hakumfungui mwenzake. Inafaa modemu ya kwanza ipitishe kila kitu bila kugawa anwani, au poti zielekezwe katika vifaa vyote viwili.

Yakifanywa hayo na simu ikafanya kazi, hakuna sababu ya kuendelea. Wanaohitaji hasa kuelekeza poti ni wenye adapta au huduma za zamani zisizoitambua NAT, wanaopigiana moja kwa moja bila kupitia seva, na ofisi zenye seva yao ya simu ambayo wafanyakazi walio nje huiunganishia simu zao.

Je, anwani ya nje ni yako?

Kuna jambo moja linalowapotezea watu siku nzima. Tangu anwani za IPv4 zilipoadimika, kampuni nyingi za intaneti, hasa zile za rununu, huwaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja. Hapo bawabu mkuu yuko kwa kampuni, naye hapokei amri kutoka kwa mteja.

Kulitambua ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta na usome anwani iliyo katika sehemu ya "WAN". Kisha tembelea wavuti wowote unaoonyesha anwani ya mtumiaji, na ulinganishe.

Zikiwa tofauti, au anwani ya ruta ikiwa imeanza na 10, au 192.168, au 172.16 hadi 172.31, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi kuelekeza poti hakutasaidia kitu. Kundi hilo la mwisho lilitengwa mwaka wa 2012 kwa ajili ya kazi hii hasa.

Mteja aliye katika hali hiyo ana njia mbili: kuiomba kampuni anwani yake mwenyewe ya nje, ambayo mara nyingi hulipiwa, au kutumia huduma ya simu ambayo seva yake inaitambua NAT.

Hatua za kuelekeza poti

Hatua ya 1: Ijue anwani ya adapta. Inua mkonga wa simu iliyounganishwa na adapta. Katika Linksys PAP2, bonyeza nyota mara nne, kisha 110 na alama ya reli. Katika adapta za Grandstream, bonyeza nyota mara tatu, kisha 02. Sauti itasoma anwani, mathalani 192.168.1.50. Iandike kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Ifanye anwani hiyo iwe ya kudumu. Ruta hugawa anwani za ndani kwa zamu, na umeme ukipotea na kurudi, adapta huenda ikapewa nyingine. Amri ya poti nayo itaendelea kuelekeza sauti kwenye anwani ya zamani, pengine kwa televisheni. Katika sehemu ya DHCP ya ruta, itengee adapta anwani yake kwa kutumia nambari ya MAC, ambayo huwa imechapishwa chini ya adapta. Hatua hii husahaulika mno, na ndiyo sababu ya simu iliyofanya kazi jana kukataa leo.

Hatua ya 3: Soma poti zinazotumiwa. Andika anwani ya adapta katika kivinjari cha tarakilishi ili ukurasa wake ufunguke. Tafuta nambari ya poti ya SIP na zile za RTP. Usikisie wala usinakili nambari za jirani, maana kila kifaa kina zake. Laini ya kwanza huwa 5060. Laini ya pili huwa 5061 katika PAP2, na 5062 katika HT802.

Hatua ya 4: Ingia katika ruta. Kwa kawaida ukurasa wake hupatikana kwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikiwa neno la siri bado ni lile lililotoka kiwandani, libadilishe kabla ya jambo lingine lolote. Kisha tafuta sehemu iliyoandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server".

Hatua ya 5: Andika amri mbili. Ya kwanza ni ya maagizo: itifaki UDP, poti ya nje 5060, poti ya ndani 5060, iende 192.168.1.50. Ya pili ni ya sauti: itifaki UDP, poti 16384 hadi 16482 nje na ndani, iende 192.168.1.50. Nambari za nje na za ndani zisitofautiane, kwa kuwa adapta huzitaja katika maagizo yake, na anayepiga atatuma sauti kwa nambari aliyotajiwa.

Hatua ya 6: Ijulishe adapta anwani ya nje. Amri ya ruta peke yake haitoshi ikiwa adapta ingali inaandika anwani ya ndani katika maagizo. Washa STUN, au uandike anwani ya nje katika nafasi iliyotengewa kazi hiyo. Ikiwa anwani ya nje hubadilika mara kwa mara, STUN ni afadhali.

Hatua ya 7: Hifadhi, zima na uwashe vifaa vyote viwili, kisha ujaribu. Jaribio la kupiga simu peke yake halitoshi. Mtu apige kutoka nje, mzungumze kwa dakika mbili au zaidi, kisha apige tena baada ya saa nzima ya kimya. Simu ikiingia mara zote na sauti ikapita pande zote mbili, kazi imekamilika.

Palipo na adapta mbili, poti moja haiwezi kuelekezwa kwa zote. Adapta ya pili ibadilishiwe nambari, mathalani 5070 kwa maagizo na 16500 hadi 16598 kwa sauti, na iandikiwe amri zake.

Dalili na maana yake

Aliye nyumbani hasikii lakini anasikika: poti za sauti hazijaelekezwa sawasawa, au adapta inataja anwani ya ndani.

Simu hutoka lakini haziingii: njia ya maagizo imefungwa, au daftari la ruta hufutwa kabla ya adapta kujisajili tena kwa seva.

Simu hukatika kila mara baada ya sekunde zipatazo 32: upande uliopokea haukupata uthibitisho wa mwisho, na kanuni za SIP huuamuru usubiri sekunde hizo kisha ukate. Chanzo kikuu huwa "SIP ALG" au anwani isiyo sahihi katika maagizo.

Sauti hukatakata pande zote: hili si suala la poti, bali la uwezo wa laini. Mfumo wa sauti uitwao G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha vifungashio vya data hukaribia kilobiti 87 kwenda na kiasi hicho kurudi. Mfumo wa G.729 hutumia kilobiti 8 tu kabla ya vifungashio, hivyo huifaa laini dhaifu.

Mlango wazi na wezi wake

Poti iliyofunguliwa haimtambui mwana wala mwizi. Katika intaneti kuna programu zinazozunguka mchana na usiku zikibisha poti 5060 ya kila anwani. Mojawapo ya zana hizo, SIPVicious, ilitolewa mwaka wa 2007 ili kuwasaidia wataalamu kukagua usalama wa mitambo yao, lakini wahalifu nao waliichukua.

Dalili ya kwanza ya wabishaji hao ni simu inayolia saa nane za usiku, ikionyesha nambari isiyo na maana kama 100 au 1001, na anayeipokea hasikii mtu. Wengi hudhani wanasumbuliwa na jirani, au na jini. Ni mtambo unaotafuta mlango.

Kwa mwenye adapta peke yake, hasara huwa usingizi. Kwa ofisi yenye seva ya simu, hasara ni pesa. Wezi wakikisia neno la siri la mfanyakazi mmoja, hupiga simu ghali za nchi za mbali kwa jina la ofisi, aghalabu usiku au wikendi wakati hakuna anayetazama, na bili humwangukia mwenye laini.

Kinga zake zinajulikana. Ruta ikiruhusu, amri ya poti ielekezwe kwa anwani ya seva ya kampuni ya simu pekee, si kwa dunia nzima. Adapta nayo iamriwe kukataa simu isiyotoka kwa seva hiyo. Adapta nyingi zina nafasi ya kuchagua hivyo. Hatua hii moja hukomesha simu za usiku wa manane.

Maneno ya siri yawe marefu na yasiyokisika. Nambari ya simu ya ndani isiwe ndiyo neno lake la siri. Kampuni ya simu iombwe kuzuia nchi ambazo mteja hapigi, na salio liwekwe kiasi kidogo cha kulipiwa mapema. Kubadilisha 5060 kuwa nambari nyingine hupunguza wabishaji, lakini si kufuli.

Kuna mambo mawili yasiyofaa kufanywa kamwe. La kwanza ni kuiweka adapta katika sehemu ya ruta iitwayo "DMZ", ambayo huifungulia poti zote 65,535 kwa mkupuo. La pili ni kuelekeza poti 80 au 443 kwa adapta, kwani hizo huupeleka nje ukurasa wake wa mipangilio, ulio na siri zote za laini.

Ikumbukwe pia kwamba umeme ukikatika, adapta na ruta huzimika pamoja. Nyumba inayotegemea simu hii isiitegemee kwa kupiga 999 au 112 wakati wa dharura. Rununu iliyo na chaji iwe karibu.

Mwisho, mipangilio yote iandikwe kwenye karatasi: anwani ya adapta, nambari ya MAC, poti zilizofunguliwa na tarehe. Ruta ikibadilishwa na fundi wa kampuni, amri zote huondoka nayo, na atakayekuwa nyumbani siku hiyo huenda akawa mama peke yake. Karatasi hiyo ikiwa imebandikwa nyuma ya ruta, fundi atazirejesha kabla ya kuondoka. Adapta nayo ikiondolewa, poti zake zifungwe siku iyo hiyo.